Kufiwa bila kuvunjana: mwongozo kwa nyumba yenye msiba

Kifo kikiingia nyumbani, walio hai hubebeshwa mizigo miwili kwa siku moja. Wa kwanza ni uchungu wa kuondokewa. Wa pili ni wao kwa wao: nani anasimamia nini, nani hakufika hospitalini, nani analia kupita kiasi, nani ameanza kucheka mapema. Mzigo wa kwanza watu huja kukupa pole. Huo wa pili haupewi pole na mtu, na mara nyingi ndio unaowaacha ndugu hawasalimiani miaka kumi baadaye.

Hatua zilizo hapa chini zinaigusa mizigo yote miwili, kuanzia siku ya kifo hadi miezi ya mbele. Kama uko katikati ya msiba sasa hivi, soma ile inayokuhusu leo, nyingine uziache mpaka zikufikie.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Huzuni ya ghafla huutikisa mwili kabla akili haijaelewa kilichotokea. Mapigo ya moyo huenda mbio, presha hupanda, usingizi hukatika, koo hukataa chakula. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2012, baada ya kuwahoji karibu watu 2,000 walionusurika shambulio la moyo, walikuta kwamba hatari ya kupatwa na shambulio hilo ndani ya saa 24 baada ya kufiwa na mtu wa karibu ilikuwa kama mara 21 ya siku za kawaida, kisha ikawa inashuka siku hadi siku. Ipo pia hali iitwayo takotsubo, iliyoelezwa kwanza na madaktari wa Japani mwaka 1990: sehemu ya misuli ya moyo hulegea kwa mshtuko, na dalili zake hufanana na za shambulio la moyo. Wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, lakini hakuna awezaye kuzitenganisha hali hizo mbili kwa macho. Ni kazi ya vipimo.

Kwa hiyo mfiwa akisema kifua kinambana, hapati pumzi, au maumivu yanashuka begani na mkononi, asiambiwe "ni uchungu tu, jikaze". Apelekwe hospitali saa ileile.

Zaidi ya hapo kuna kazi ndogondogo ambazo watu hawazigombanii kwa sababu hazina heshima machoni pa wageni. Mteueni mtu mmoja, tena kwa jina, afuatilie dawa za kila siku za wafiwa. Wenye presha, kisukari, pumu au kifafa husahau dozi kirahisi sana wiki hiyo. Mwingine ahakikishe wafiwa wanakunywa maji na kula, hata vijiko vichache. Usimuulize mfiwa kama ana njaa, maana atakujibu hana. Mwekee chakula, ukae naye.

Usingizi ukigoma, asipewe vidonge vya jirani. Dawa ya usingizi aliyoandikiwa mtu mwingine inaweza kugongana na dawa anazotumia, na ikichanganywa na pombe inaweza kudhoofisha pumzi hadi kuua. Pombe yenyewe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane hali ikiwa mbaya zaidi. Kulala vipandevipande si tatizo kwa siku hizo. Apewe nafasi alale hata mchana, na aliyekesha asiguse usukani.

Hatua ya 2: Punguza maamuzi

Akili ya mtu aliyefiwa hupungua nguvu kwa muda. Atasoma barua moja mara tatu asiielewe, ataacha jiko linawaka, atasahau jina la mtu anayemjua tangu utotoni. Huko si kurukwa na akili, ila ni sababu tosha ya kutomsainisha kitu.

Chukueni karatasi, myagawe maamuzi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yasiyongoja: mazishi, vibali, kuwajulisha waajiri na shule, nani atalala na watoto. La pili ni yawezayo kungoja mwezi mmoja au miwili: akaunti za benki, mafao, bima, madeni. Hapa pana tahadhari moja. Baadhi ya bima, mafao na taratibu za mirathi huwa na tarehe za mwisho, kwa hiyo mtu mmoja aulize mapema hata kama fomu zitajazwa baadaye. Fungu la tatu ni yale ambayo, hali ikiruhusu, hayaguswi kwa takriban mwaka mzima: kuuza nyumba, kuhama, kuacha kazi, kukopesha fedha zilizoachwa na marehemu, kufunga ndoa mpya.

Mwaka 1967 madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe walipanga matukio 43 ya maisha kwa kadiri yanavyomsumbua mtu. Kifo cha mwenzi wa ndoa kilipewa alama 100, juu ya mengine yote, na kuhama makazi alama 20. Orodha hiyo imekosolewa sana tangu wakati huo, lakini wazo lake kuu ni la kukumbukwa: misukosuko hujumlishwa. Mjane anayeshauriwa auze nyumba "ili asahau" anaongezewa msukosuko wa pili kabla wa kwanza haujatulia, na mara nyingi anayemshauri hivyo ana mnunuzi tayari.

Kuhusu watu wanaosema "ukihitaji chochote niambie": wengi wanamaanisha kweli, ila wanamtupia mfiwa kazi ya kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomshinda. Mtu mmoja wa nyumbani awe na orodha ya mahitaji mkononi. Atakayetoa kauli hiyo apewe jambo moja lenye siku na saa: "Jumanne asubuhi wapeleke watoto shule." Wengi hufurahi kupewa.

Hatua ya 3: Achaneni na ratiba ya huzuni

Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukataa, kukasirika, kubembeleza, kuzama katika majonzi, na kukubali. Mpangilio huo ulitolewa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, naye aliupata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Wafiwa hawakuwa ndio waliohojiwa. Baadaye watu waliuhamishia kwa wafiwa na kuufanya kama mtaala wenye mtihani wa mwisho. Matokeo yake utamkuta mtu ana huzuni, na juu yake ana wasiwasi kwamba anahuzunika vibaya: mbona mimi sijakasirika? Mbona nilikubali mwezi wa pili na leo nalia tena?

Maelezo yanayofaa zaidi nyumbani, kwa maoni yangu, ni yale ya watafiti wa Uholanzi Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa huwa anakwenda na kurudi kati ya pande mbili. Upande mmoja anaikabili hasara yenyewe: analia, anatazama picha, anasimulia siku ya mwisho. Upande wa pili anayakabili maisha yaliyobaki: anajifunza kulipa bili ambazo marehemu ndiye aliyekuwa akizilipa, anarudi kazini, anacheka na rafiki. Kule kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Shida huanza mtu anapokwama upande mmoja, akilia bila kupumzika miezi na miezi, au akifanya kazi bila kusimama ili asije akakumbuka.

Sasa iweke picha hiyo ndani ya nyumba moja. Jioni ileile ambayo mama amefungua kabati la nguo za marehemu, mwanawe mkubwa amewasha redio anatengeneza bomba. Mama anaona mtoto hana uchungu. Mtoto anaona mama hataki kuinuka. Wote wawili wanafanya kinachopaswa kufanywa, ila wamepishana zamu. Kesho yake huenda mama ndiye yuko sokoni na kijana amejifungia chumbani. Ukilielewa hili, umeshayaelewa magomvi mengi ya baada ya msiba.

Mambo mengine huwatisha watu bure. Kuisikia sauti ya marehemu au kumwona kwa kufumba na kufumbua ni jambo linalowapata wafiwa wengi. Kukosa machozi kabisa pia. Kumkasirikia marehemu kwa kukuacha na madeni au kwa kutokwenda kupima mapema, ni kawaida. Na aliyemuuguza mtu kwa muda mrefu anaweza kujisikia nafuu siku ya kifo, kisha akajichukia kwa nafuu hiyo. Mateso yamekwisha, ya mgonjwa na ya muuguzaji. Kufurahia hilo si kufurahia kifo.

Hatua ya 4: Kaeni kikao, na mkae mapema

Msisubiri ugomvi ndipo mkutane. Wiki ya kwanza au ya pili baada ya mazishi, watu wa ndani ya nyumba wakae pamoja, muda usizidi saa moja, simu zikiwa pembeni. Ndugu wa mbali wasubiri. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kikao hiki nacho kifuate utaratibu huohuo.

Kikao kiwe na maswali manne tu. Kila mtu anaendeleaje, kwa maneno yake, bila kusahihishwa. Ni kitu gani kinachomwelemea zaidi wiki hii. Anahitaji nini kutoka kwa walio hapa. Na ni kitu gani asingependa kufanyiwa. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Mmoja atasema hataki kuguswa anapolia. Mwingine atasema hataki jina la marehemu likwepwe, maana nyumba inakuwa kama hajawahi kuishi humo. Wa tatu atasema anaomba asiulizwe "unaendeleaje" kila akipita ukumbini.

Msitafute kukubaliana kuhusu hisia. Mkubaliane kuhusu mambo ya kushikika: vyumba na vitu vya marehemu visiguswe hadi lini, nani anajibu simu za pole, saa ngapi nyumba inafungwa kwa wageni ili watu walale, nani anashika fedha za rambirambi na lini atasoma hesabu yake mbele ya wote. Hilo la fedha lisiachwe kwa aibu. Hesabu isiyosomwa huzaa tuhuma hata pale ambapo hakuna kilichopotea.

Mwangalieni pia yule asiyelalamika. Karibu kila familia ina mtu aliyesimamia kila kitu: alipokea wageni, akazungumza na mochari, akahesabu viti. Watu humsifu kwa uimara wake na kumwongezea kazi. Huyo mara nyingi huanguka baada ya wiki sita, wengine wakiwa wameshaanza kuinuka, na wakati huo pole zimekwisha. Mpangieni siku za kupumzika mapema, kabla hajaziomba, kwa sababu hataziomba.

Hatua ya 5: Ugomvi ukiwaka

Utawaka, hata katika familia zenye upendo. Msiba huamsha kesi za zamani: nani alipendwa zaidi, nani alisomeshwa, nani alikuja kuuguza na nani alituma pesa tu. Mtu anaweza kupaza sauti kuhusu kiti na moyoni analia kuhusu jambo la miaka ishirini iliyopita.

Jambo la kwanza ni kusimama. Mwili ukishapandwa na hasira, moyo unakwenda kasi na masikio hayasikii. John Gottman, mtafiti wa ndoa na familia, anashauri watu wanaogombana watengane kwa dakika 20 hivi mapigo ya moyo yarudi chini, na ndani ya muda huo kila mmoja afanye jambo lingine kabisa badala ya kukaa akitunga majibu. Aondokaye aseme anarudi: "Dada, nimekasirika, sitaki kukutamkia neno nitakalolijutia. Natoka kidogo, tutaendelea jioni." Kuondoka kimya huonekana kuwa dharau.

Mkirudi, kila mmoja aseme kilichompata yeye na aache kumchambua mwenzake. "Niliumia niliposikia mazishi yamepangwa bila mimi" ni kauli inayojibika. "Wewe siku zote ni mtu wa kujipendekeza" haijibiki, inarushiwa nyingine. Kisha anayesikiliza arudie alichosikia kabla ya kujitetea: "Kwa hiyo, kaka, unasema uliachwa nje." Utaona ni mara ngapi jibu linakuwa "hapana, siyo hivyo", na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Usilazimishe msamaha wa papo hapo mbele ya wazee. Wakati mwingine kinachowezekana mwaka huu ni ndugu wawili kukubali kutolijadili jambo fulani na kuendelea kujuliana hali. Hiyo nayo ni hatua. Na pale ambapo kuna vitisho, kupigwa au mtu kufukuzwa nyumbani, habari za kusikilizana zimekwisha. Tafuta usalama kwanza, kisha vyombo vya sheria.

Hatua ya 6: Mali na vitu

Sheria za mirathi hutofautiana kati ya nchi na nchi, dini na dini, kwa hiyo anayezijua aulizwe mapema kabla watu hawajaahidiana kitu. Ninachoweza kusema kwa wote ni kuhusu namna ya kwenda.

Andikeni orodha ya vitu vyote kabla chochote hakijatoka, pamoja na picha za simu, na kila mhusika apate nakala. Msimamizi wa zoezi awe mtu asiye na fungu lake humo. Nyaraka, yaani hati, kadi, vyeti na nywila, ziwekwe mahali pamoja panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja.

Vitu vidogo ndivyo huleta vita vikubwa: saa, miwani, kitambaa, daftari la maandishi ya mkono. Thamani yake haiko kwenye bei, kwa hiyo msivipige bei. Njia iliyo rahisi ni kuchagua kwa zamu, kila mtu kitu kimoja, mzunguko wa pili ukianzia kwa yule aliyekuwa wa mwisho. Nguo zinaweza kukaa. Hakuna ugonjwa unaoletwa na kabati lisilofunguliwa miezi minane, na anayetaka kuzigawa wiki ya pili aulize kwanza kama kuna asiyekuwa tayari. Barua, jumbe za sauti na picha zinakiliwe zote kabla simu ya marehemu haijafutwa au laini yake haijafungwa. Ni hasara ndogo kwa maelezo na kubwa kwa aliyeipata.

Hatua ya 7: Watoto waambiwe ukweli

Mwambie mtoto kwa neno lenyewe: amekufa. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala. "Amesafiri" humfanya asubiri, na baadaye aulize kwa nini hakuagwa. Ufafanuzi uwe mfupi na wa mwili: "Moyo wa babu uliacha kufanya kazi. Mtu akifa hapumui tena, hasikii maumivu, na harudi." Kama familia ina imani yake kuhusu maisha baada ya kifo, iongezwe juu ya maelezo hayo, isiwe badala yake.

Watoto wengi walio chini ya miaka mitano hivi hudhani kifo hurekebishika. Ndiyo maana ataelezwa vizuri asubuhi, jioni akauliza babu anarudi saa ngapi. Mjibu tena kwa maneno yaleyale. Kuanzia miaka mitano hadi saba wengi huanza kuelewa kwamba hakuna kurudi, na hapo huja hofu nyingine: na wewe utakufa? Usiahidi kwamba hutakufa. Mwambie unatarajia kuishi muda mrefu, na umtajie nani angemtunza kama lolote lingetokea. Kinachomsumbua mtoto ni hilo la pili.

Kuna jambo la kumwambia hata kama hajauliza: "Si kosa lako." Watoto huamini kwamba hasira zao au kutotii kwao kunaweza kuua mtu, na hawasemi.

Usishangae akilia dakika kumi halafu akaenda kucheza. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande vidogo, na mchezo ndio mapumziko yake. Arudi shuleni mapema kiasi, saa za kula na kulala zibaki zilezile, mwalimu ajulishwe. Kuhusu kuhudhuria mazishi, aelezwe kabla atakachokiona, aulizwe kama anataka kwenda, na awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu. Kijana wa miaka kumi na mitano naye anahitaji hayo yote, ila kwa pembeni: mkiwa njiani, mkifanya kazi pamoja, bila kutazamana machoni. Na asivikwe ubaba au umama wa nyumba kwa kuambiwa "sasa wewe ndiye mwanamume wa hapa". Ni sentensi inayotamkwa kwa nia njema na kumwibia mtu utoto wake.

Hatua ya 8: Uchungu unapokujia ukiwa peke yako

Kunja mipango mikubwa, shika ya dakika kumi. Keti, weka miguu sakafuni, vuta pumzi taratibu kupitia puani na uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa. Kitaje kilicho ndani kwa jina lake: ni hofu ya pesa? Ni kumkosa? Ni hatia? Hisia iliyotajwa ni rahisi kuishi nayo kuliko ile unayoiita "sijisikii vizuri". Halafu acha machozi yatoke kama yanataka, usiyalazimishe kama hayataki.

Hatia inastahili uangalifu zaidi kwa sababu huvaa sura ya ukweli. "Ningempeleka hospitali siku moja kabla." Jiulize ulijua nini siku hiyo, siyo unachokijua leo. Kama bado inakutafuna, mwandikie marehemu barua, umwambie yale usiyomwambia, mabaya kwa mazuri. Mwanasaikolojia James Pennebaker alichapisha mwaka 1986 utafiti wake wa kwanza kuhusu kuandika mambo mazito ya moyoni, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, bila kujali tahajia wala mpangilio. Utaratibu huo unaweza kuufuata. Haumfai kila mtu. Ukiona unazama kila ukimaliza, acha, utafute mtu wa kuzungumza naye.

Wala hulazimiki "kumwachilia" marehemu. Tangu Dennis Klass na wenzake walipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1996, wataalamu wengi wanakubali kwamba kuendelea kuwa na uhusiano na aliyekufa ni sehemu ya huzuni yenye afya: kumtaja, kupika alichokipenda, kuuliza angefanya nini hapa.

Ipo pia huzuni isiyopokea wageni. Mimba iliyoharibika, kifo cha mtaliki wako, mchumba ambaye familia haikumtambua, ndugu aliyejiua na watu wakanong'ona. Mtafiti Kenneth Doka aliiandikia mwaka 1989 akisema ni huzuni ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuwa nayo. Kama ni yako, mtafute hata mtu mmoja wa kumwambia kisa chote. Na kwa wenye ndugu aliyepotea bila kujulikana yu hai au la, msishinikizwe kuchagua kati ya matumaini na kilio. Mnaweza kubeba vyote viwili, na ndivyo wengi wenu mnavyofanya tayari.

Hatua ya 9: Iandae kalenda

Tarehe zitakuja: siku ya kuzaliwa, sikukuu ya kwanza, mwaka wa kwanza. Siku chache kabla yake mara nyingi huwa ngumu kuliko siku yenyewe. Amueni mapema mtafanya nini, hata kama ni kutofanya lolote, na mwenye kutaka kubaki peke yake aruhusiwe. Kazini, mwombe msimamizi mwezi wa kwanza usipewe majukumu ambayo kosa dogo lina gharama kubwa. Kama hutaki kuzungumzia msiba ofisini, mtume mwenzako mmoja awaambie wengine.

Hatua ya 10: Jua wakati wa kutafuta mtaalamu

Huzuni ya kawaida, hata iwe kali, huwa na matundu: unacheka kidogo, unatamani chakula, unamhurumia mwingine. Sonona haina matundu. Kila kitu ni kizito, hata kisichohusiana na marehemu, na mtu anajiona hana thamani. Vilevile kuna huzuni iliyogoma kusogea. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaitambua kuwa tatizo la kiafya pale ambapo kumtamani sana marehemu au kumfikiria muda wote, pamoja na maumivu makali ya kihisia, kumedumu zaidi ya miezi sita, kumezidi desturi za jamii ya mtu huyo, na kumemzuia kuishi. Wataalamu wa Marekani hungoja miezi 12 kwa watu wazima. Yapo matibabu yaliyotengenezwa mahsusi kwa hali hiyo, mengi yakiwa ya mazungumzo.

Usingoje miezi kama mtu amezidisha pombe, hali chakula wala hajitunzi, au anazungumza kuhusu kumfuata marehemu. Hapo muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, msimwache peke yake. Ondoeni dawa, sumu na silaha karibu naye, mumpeleke hospitali au mpige namba ya dharura ya mahali mlipo.

Mtaalamu akikosekana karibu, msaada unaweza kuanzia kwa mtu aliyefundwa kusikiliza. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha Zimbabwe mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha bibi wazee wa mitaani kukaa benchini na wenye majonzi na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kiongozi wa dini, mshauri wa shule au muuguzi wa zahanati anaweza kuwa mlango wa kwanza.

Watu wengi hufika mlangoni hapo wakaishia kusema "kichwa kinauma" na kurudi na vidonge vya maumivu. Andika kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani: nani alikufa na lini, unalala saa ngapi, unakula mara ngapi, umeacha kufanya nini ulichokuwa ukifanya, dawa na pombe unazotumia, na kama umewahi kutamani kufa. Ukishindwa kusema, mpe aisome.